Mwanga Unaodunda: Historia ya Nuru Katika Mandhari za Kompyuta

Mwaka 1980, katika mkutano wa SIGGRAPH wa wataalamu wa michoro ya kompyuta uliofanyika Seattle, Marekani, mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya Boeing aitwaye Loren Carpenter aliwaonyesha wataalamu wenzake filamu fupi ya dakika mbili hivi. Aliiita Vol Libre. Haikuwa na mtu wala mnyama. Ilikuwa na milima tu, vilele vya miamba vikipita chini ya macho ya watazamaji kana kwamba wamo ndani ya ndege, na kila kilele kilikuwa kimezalishwa na kompyuta. Carpenter alikuwa amesoma kitabu cha mwanahisabati Benoit Mandelbrot kuhusu maumbo ya frakta, akaona kwamba ukiigawa pembetatu moja, ukazisogeza ncha za vipande vyake juu au chini kwa kubahatisha, kisha ukaendelea kugawa na kusogeza, mwishowe unapata jabali. Kila picha ya filamu hiyo ilichukua dakika 20 hadi 40 kwenye kompyuta ya VAX. Ukumbi ulishangilia. Ed Catmull na Alvy Ray Smith wa Lucasfilm walimpa kazi, na mwaka 1982 milima ya namna hiyohiyo ikaonekana kwenye filamu ya Star Trek II, ikichipuka juu ya sayari iliyokuwa kame.

Milima ile ilikuwa na umbo la kuvutia, ila nuru yake ilikuwa maskini. Kompyuta ilijua jambo moja tu: jua liko wapi. Mteremko uliolielekea jua ulipakwa rangi angavu, ule uliolipa mgongo ukapakwa rangi ya giza, na habari ikaishia hapo. Leo programu za kutengeneza mandhari zina ukurasa mzima wa mipangilio ya kile ambacho wataalamu hukiita uangazaji wa jumla: hesabu inayojumlisha nuru itokayo moja kwa moja kwenye chanzo na ile inayofika baada ya kugonga vitu vingine. Ukurasa huo una idadi ya sampuli, idadi ya midundo, kina, ubora na ulainishaji, na humtisha kila anayeufungua kwa mara ya kwanza. Kila namba iliyomo, hata hivyo, ina mwaka wake na watu wake. Ni mapatano yaliyofungwa wakati fulani kati ya nuru, isiyochoka kudunda, na kompyuta, yenye muda wa kuhesabika.

Mtu akisimama bondeni asubuhi na kutazama upande wa mlima ambao jua halijaufikia, bado anaona mawe, nyasi na njia ya mifugo. Nuru imefika pale kwa kuzunguka. Sehemu yake imetoka angani: Lord Rayleigh alieleza mwaka 1871 jinsi chembe ndogo sana zilizo hewani zinavyotawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, na kwa hiyo anga lote ni taa kubwa ya buluu. Sehemu nyingine imegonga mteremko wa pili unaopigwa na jua, ikachukua rangi ya udongo wake, ikavuka bonde. Sehemu nyingine imetoka mawinguni. Wachoraji walilijua jambo hili zamani. Leonardo da Vinci aliandika juu ya rangi zinazohamia kutoka kitu kimoja hadi kingine, na juu ya vivuli vyenye ubuluu. Claude Monet alipochora La Pie, picha ya ndege mmoja juu ya lango la uzio katika theluji, vivuli vya uzio ule alivipaka buluu. Waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris waliikataa mwaka 1869.

Kompyuta za kwanza zilizichukulia njia hizo zote kama kitu kimoja. Mwaka 1975 Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi aliyesomea Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha kanuni ya kuangaza maumbo inayoitwa kwa jina lake hadi sasa. Mng'ao na mteremko aliishughulikia kwa ustadi. Kuhusu nuru inayotoka kwenye mazingira, kanuni iliweka kiasi kimoja kisichobadilika, kikaongezwa kila mahali. Ndani ya chumba kidogo, hila hiyo inaweza kupita. Kwenye mandhari inaumbuka mara moja, kwa sababu mdomo wa pango na uwanda ulio wazi hupata kiasi kilekile cha nuru, na upande wote wa kivuli wa mlima huwa bapa, bila mikunjo wala kina.

Hatua kubwa ya kwanza ilitoka Bell Labs mwaka uleule wa 1980. Turner Whitted aliifanya kompyuta ifuate mwale mmoja mmoja kutoka kwenye jicho hadi kwenye kitu, na kutoka hapo hadi kwenye taa. Mwale ukigonga kioo ulirudishwa, ukigonga bilauri ulipinda na kupita. Picha yake ya tufe zinazoakisiana ilichukua zaidi ya saa moja, na ilistahili kusubiriwa. Lakini mwale ukigonga kitu kikavu kisichong'aa, safari yake iliishia hapo. Kwa mandhari hilo ni pengo kubwa. Udongo, majani, mchanga na miamba ni vitu vikavu, na vyote hutawanya nuru kila upande.

Walioshughulikia vitu hivyo kwanza walikuwa watu waliofahamu joto. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1984, Cindy Goral, Kenneth Torrance, Donald Greenberg na Bennett Battaile walichukua hesabu ambazo wahandisi walizitumia kukadiria joto linavyosafiri kutoka ukuta hadi ukuta, wakaweka nuru mahali pa joto. Walijenga sanduku, ukuta mmoja mwekundu na mwingine wa buluu, kisha wakalinganisha picha ya kompyuta na sanduku lenyewe. Wekundu ulionekana ukivuja kwenye ukuta mweupe uliokuwa jirani. Huko Japani, Tomoyuki Nishita na Eihachiro Nakamae walifikia njia ya namna hiyohiyo kwa juhudi zao wenyewe na kuichapisha mwaka 1985.

Tatizo lilikuwa idadi. Njia ya Cornell hugawa kila uso vipande vipande, kisha huuliza kila kipande kinapokea kiasi gani kutoka kwa kila kipande kingine. Vipande 1,000 huzaa jozi milioni moja. Mlima wa pembetatu milioni moja huzaa jozi trilioni moja. Sanduku lilihesabika, safu ya milima haikuhesabika.

Mwaka 1986 SIGGRAPH ilikutana Dallas, na kwa wapenda mandhari mkutano ule ulikuwa na makala mbili za thamani. Nishita na Nakamae walirudi na hesabu ya mwanga wa anga: walilichukulia anga lote kama kuba linaloangaza, lenye mwangaza tofauti kila sehemu, na kupima ni sehemu gani ya kuba hilo inaonekana kutoka kila mahali pa kitu. Naye James Kajiya, wa Caltech, alileta mlinganyo mmoja. Ulisema kwamba nuru inayotoka mahali popote ni ile inayozalishwa pale, kujumlisha na nuru yote iliyofika pale kutoka kila upande na kuakisiwa. Kwa kuwa nuru iliyofika nayo ilitoka mahali pengine kwa sheria ileile, mlinganyo unajiita wenyewe bila kikomo. Njia za Whitted na za Cornell zikaonekana kuwa ni majibu ya sehemu tu ya swali hili moja.

Hakuna anayeweza kuutatua mlinganyo huo kwa kalamu pale penye mlima. Kajiya aliazima mbinu ya Monte Carlo, iliyobuniwa Los Alamos katika miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na John von Neumann kwa ajili ya kufuatilia nyutroni. Mpishi haonji chungu kizima ili ajue chumvi, huonja kijiko. Vivyo hivyo kompyuta huchagua njia chache za nuru kwa kubahatisha, kisha hutoa wastani. Picha moja aliyoionyesha ilikuwa na pikseli 256 kwa 256, kila pikseli ikiwa na njia 40, na ilichukua dakika 533, karibu saa tisa. Juu yake kulikuwa na vichembe vya madoa. Madoa hayo ndiyo bei ya kubahatisha, na bei hiyo haina huruma: anayetaka kuyapunguza kwa nusu lazima aongeze sampuli mara nne. Anayetaka yabaki robo lazima aziongeze mara 16. Mtu anayepandisha idadi ya sampuli kutoka 100 hadi 200 na kushangaa kwamba picha haijabadilika sana amekutana na sheria hiyo.

Saa tisa kwa picha ndogo hazikumfaa mtu aliyehitaji matokeo jioni ileile. Mwaka 1988 Greg Ward na wenzake wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, waliokuwa wakichunguza mwanga wa mchana ndani ya majengo, walitazama jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona. Kivuli cha jua hubadilika ghafla, lakini nuru iliyodunda kwenye vitu vikavu hubadilika polepole: ukisogea hatua moja kwenye ukuta, haitofautiani sana. Basi kwa nini ihesabiwe kwenye kila pikseli? Ward alichagua mahali pachache, akarusha miale mingi kutoka pale, akahifadhi jibu, na kwingineko akakadiria kutokana na majibu ya jirani. Penye pembe na mipasuko aliweka vituo vingi. Penye uwazi aliweka vichache.

Wazo hili la Ward ndilo lililokuja kufungua mlango wa mandhari, ingawa milima ilitangulia. Ken Musgrave, mwanafunzi wa Mandelbrot katika Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa amewaonyesha watu sayari nzima zilizojengwa kwa frakta, na mwaka 1994 programu ya Bryce iliwapa milima hata watumiaji wa kompyuta za nyumbani. Huko Uingereza, Matt Fairclough alianzisha Terragen, programu iliyojikita kwenye ardhi, anga na mawingu. Picha zilizotoka kwenye toleo lake la kwanza zilipendwa duniani kote, ingawa vivuli vyake bado vilitegemea makadirio. Toleo la pili lilileta uangazaji wa jumla, na pamoja nao namba mbili zilizowasumbua watumiaji kwa miaka: kina na ubora wa sampuli.

Anayeijua kazi ya Ward huzisoma namba hizo bila shida. Kabla ya picha yenyewe, programu hupita mara moja juu ya mandhari ikiweka vituo vya nuru. Kina huamua vituo vitakuwa karibu kiasi gani. Ubora wa sampuli huamua kila kituo kitarusha miale mingapi. Kwenye uwanda wa nyasi chini ya anga jeupe, kina kidogo kinatosha. Kwenye korongo lenye mipasuko, kina kikiwa kidogo mno nuru ya nje huvuja hadi penye giza. Anayepandisha kina na kuacha ubora chini hupata mabaka, kwa sababu vituo ni vingi lakini kila kimoja kinakisia vibaya. Ulainishaji huchanganya majibu ya vituo jirani ili mabaka yapungue, na ukizidi hufuta ile mikunjo midogo ya mwamba iliyotafutwa. Ndiyo maana kuna mpangilio wa ziada unaoongeza miale mifupi kwa ajili ya nyufa na kokoto.

Filamu ina matatizo yake. Vituo vikiwekwa upya kwa kila picha, makosa madogo ya picha hii hayalingani na ya picha ifuatayo, na mlima uliotulia huanza kumeta-meta. Dawa yake ni kuvihesabu vituo kwa picha chache tu za safari ya kamera, kuvihifadhi kwenye faili, kisha kuchanganya majibu yao kwa picha zilizo katikati. Studio za sinema zilipambana na tatizo la namna hiyo. Mwaka 2004 Eric Tabellion na Arnauld Lamorlette wa PDI/DreamWorks walieleza mfumo waliotumia kwenye Shrek 2: waliridhika na mdundo mmoja tu, wakarahisisha maumbo yanayorusha nuru, na wasanii wakapata jibu kwa wakati. Mwaka 2011 wote wawili walipewa tuzo ya kiufundi ya Oscar kwa kazi hiyo.

Mdundo mmoja unatosha? Jibu limo ndani ya ardhi yenyewe. Mwamba mweusi wa volkeno hurudisha takriban asilimia 10 ya nuru inayoupiga. Baada ya mdundo wa pili hubaki asilimia 1, na wa tatu hauonekani. Theluji mbichi hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kwa asilimia 90, nuru inayodunda theluji kwa theluji bado ina zaidi ya theluthi ya nguvu yake baada ya midundo 10, hata kama sehemu kubwa ya miale hukimbilia angani njiani. Bonde la theluji likipewa mdundo mmoja huwa la kijivu, na msanii asiyejua sababu huanza kuongeza nguvu ya jua, akaharibu kila kitu kingine.

Mawingu yanadai zaidi ya theluji. Tone la maji la wingu halimezi karibu chochote cha nuru inayoonekana, hivyo mwale unaweza kugonga matone mengi sana kabla haujatoka, na weupe wa wingu unatokana na safari hiyo ndefu. Katika Cycles, injini ya nuru iliyoingia kwenye programu ya Blender mwaka 2011, mipangilio ya kawaida huruhusu midundo 4 kwenye vitu vikavu na 0 ndani ya ukungu na mawingu. Sifuri hiyo huokoa muda kwa wengi wasio na wingu lolote. Kwa mtu wa mandhari, huligeuza wingu la mchana kuwa moshi mzito.

Kosa la kawaida kuliko yote haliko hata kwenye ukurasa wa mwanga, liko kwenye rangi. Nyasi, udongo na magome ya miti hurudisha nuru kidogo kuliko macho yanavyodhani. Msanii anapopaka mchanga weupe wa karatasi, kila mdundo huongeza nuru ambayo mchanga wa kweli ungeimeza, vivuli hufifia, na mandhari nzima hupoteza uzito. Hapo hakuna idadi ya sampuli itakayoiokoa.

Anga nalo lilipata wahisabati wake. Mwaka 1999 A. J. Preetham, Peter Shirley na Brian Smits wa Utah walitoa kanuni fupi inayotaja rangi ya kila sehemu ya anga kutokana na mahali pa jua na kiasi cha vumbi hewani. Ilienea haraka sana. Mwaka 2012 Lukas Hosek na Alexander Wilkie wa Chuo Kikuu cha Charles, Prague, waliiboresha, wakaongeza rangi ya ardhi kwenye hesabu, maana ardhi angavu hurudisha nuru hewani na kulifanya anga lenyewe ling'ae. Mdundo ukaingia hata katika kanuni ya anga.

Wakati huohuo kompyuta zilikuwa zikiongezeka kasi, na njia ya Kajiya, iliyowekwa kando kwa sababu ya saa zake tisa, ikarudi. Eric Veach wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha katika tasnifu yake ya 1997 jinsi ya kuchagua miale kwa akili, ili sampuli zielekezwe penye nuru nyingi. Mhispania Marcos Fajardo aliandika injini ya Arnold, na Monster House ya 2006 ikawa filamu ndefu iliyoangazwa yote kwa kufuata njia za nuru. Pixar walibadilisha mfumo wao wa taa kwa ajili ya Monsters University ya 2013. Disney wakajenga injini yao ya Hyperion, wakaitumia kwenye Big Hero 6 mwaka uliofuata, kisha kwenye Moana ya 2016.

Kisiwa cha Moana kinaeleza vizuri umbali uliosafiriwa tangu lile sanduku la Cornell. Mwaka 2018 Disney walikiweka hadharani ili watafiti wakipakue: minazi, mchanga, majani, milima na bahari, zaidi ya maumbo bilioni 15 yakihesabiwa pamoja na yale yanayorudiwa. Nuru ya jua na ya anga huingia kati ya majani yaliyobebana, ikadunda kwenye mchanga, ikapanda tena chini ya majani. Kwa njia ya jozi za Cornell, hesabu hiyo isingeanza. Kwa njia ya kubahatisha, idadi ya maumbo huongeza kazi kidogo tu, kwa kuwa kila mwale hutafuta kitu kimoja tu cha kugonga.

Madoa ya Kajiya nayo yalipata mpinzani mpya. Intel walitoa programu huria ya kuyaondoa mwaka 2019, inayotumia mtandao wa neva uliofundishwa kwa picha nyingi zenye madoa pamoja na zile zilizo safi. Kwa uso mpana wa mwamba au ukungu hufanya kazi nzuri ajabu. Kwa nyasi na majani ya mbali, ambayo yenyewe yanafanana na madoa, inaweza kuyafuta pamoja nayo. Wasanii wa mandhari kwa hiyo bado hulipia sampuli za kutosha penye msitu, na kuiachia programu anga na vivuli vipana.

Mei 2020 kampuni ya Epic Games ilionyesha mfumo wa Lumen, mtu akipita katika mapango na magofu kwenye PlayStation 5 huku nuru inayodunda ikihesabiwa upya papo hapo jua linaposogea. Mfumo huo ulitolewa rasmi pamoja na Unreal Engine 5 mwaka 2022. Muda wa kila picha ni milisekunde chache, kwa hiyo hakuna nafasi ya kufuata kila njia. Lumen hurusha miale kutoka kwenye vituo vilivyotapakaa juu ya kile kinachoonekana, huhifadhi majibu, hukadiria yaliyo katikati, na huchanganya na yale ya picha zilizotangulia. Mipangilio yake ya ubora huuliza vituo vingapi, miale mingapi, na majibu ya zamani yaaminiwe kwa muda gani. Mbili za kwanza Greg Ward aliziuliza Berkeley mwaka 1988. Ya tatu imeletwa na jua linalotembea, na hadi leo taa ikizimwa ghafla ndani ya pango la mchezo, nuru yake huchelewa kidogo kutoka ukutani.